Nafasi ya Vifaa vya Kujitengenezea katika Michezo ya Kuigiza ya Watoto: Uhakiki wa Dhana ya Utendaji kwa Mifano ya Kariakoo na Mchafukoge, Dar es Salaam

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi katika vyuo vya Tanzania hukutana mapema na orodha mbili. Ya kwanza imetolewa na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976). Kwa maelezo yao, sanaa ya maonyesho hukamilika panapokuwapo mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Orodha ya pili ni ya M. M. Mulokozi (1996), ambaye anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita, yaani fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati.

Orodha hizi zimefanya kazi kubwa. Ziliusaidia uhakiki wa Kiswahili kuachana na mazoea ya kuitazama fasihi simulizi kama maandishi yaliyochelewa kuandikwa, na zikaurudishia utendaji heshima yake. Hata hivyo, zikiwekwa sambamba, zinadhihirisha pengo moja. Yumo mtu anayetenda, wamo wanaotazama, pamo mahali, umo wakati. Lakini hakimo kile ambacho mtendaji amekishika mkononi. Kitu, kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo, hakikupewa nafasi yake.

Makala haya yanalijadili pengo hilo kwa kuutazama mchezo wa watoto unaoitwa kujipikilisha, pamoja na ndugu yake, mchezo wa baba na mama, katika mazingira ya Kariakoo na kata jirani ya Mchafukoge. Hoja inayotetewa ni kwamba vifaa ambavyo watoto hujitengenezea kwa ajili ya michezo hii si mapambo, na wala si dalili tu ya ukosefu wa fedha. Vifaa hivyo ndivyo vinavyobeba mapatano yanayouwezesha mchezo kuwapo. Kwa hiyo, uhakiki usioviona haujauona mchezo wenyewe, na kumbukumbu isiyovihifadhi imehifadhi nusu tu ya kilichotendeka.

Kujipikilisha: neno na vifaa vyake

Neno kujipikilisha lenyewe linastahili kuangaliwa. Kitenzi pika kimepewa kiambishi cha kujirejea pamoja na mnyambuliko, lakini matokeo yake si kumpikia mtu wala kumfanya mtu apike. Maana yake ni kupika kwa kuigiza. Mzungumzaji wa Kiswahili anaujua muundo huo pia katika neno kujisahaulisha, yaani kujitia kusahau jambo ambalo mtu analikumbuka vizuri. Lugha imetenga umbo maalumu kwa ajili ya tendo linalofanyika na wakati huohuo lisilofanyika. Mtoto anayejipikilisha anakoroga kweli, anapakua kweli, anagawa kweli. Kisichokuwapo ni chakula.

Ili tendo hilo lisimame, panahitajika vitu. Kifuu cha nazi huwa sufuria. Mawe matatu, au vipande vya tofali, huwa mafiga. Mchanga huwa mchele au unga, na ukitiwa maji udongo hufinyangwa maandazi. Majani yaliyochumwa ukutani huwa mchicha. Kijiti huwa mwiko, kopo la maziwa huwa ndoo ya maji, na visoda vya chupa hupangwa kama sahani. Kitambaa kilichookotwa chini ya cherehani ya fundi hufungwa kwenye gunzi la mahindi, gunzi likawa mtoto mchanga anayebebwa mgongoni na kubembelezwa. Vipande vya boksi hukatwa vikawa noti za kwenda sokoni.

Kariakoo haikosi malighafi ya aina hiyo. Soko Kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, pamoja na mitaa ya maduka inayolizunguka, huacha kila jioni maboksi, kamba, mbao za kreti na mabaki ya vitambaa. Mtu mzima huyaita takataka. Kwa mtoto, hiyo ni ghala isiyo na mlinzi. Hata ndala iliyokatika ina kazi yake: soli hukatwa duara nne, zikatobolewa katikati, zikawa magurudumu ya gari la waya au la boksi.

Jambo la kuzingatia hapa ni mpangilio wa kazi. Vitu hukusanywa kwanza, kisha hupewa majina, kisha nafasi hugawanywa, na ndipo mchezo uanze. Mara nyingi maandalizi haya huchukua muda mrefu kuliko uigizaji wenyewe, na si ajabu watoto wakaitwa kwenda kuoga kabla wali haujaiva. Mhakiki aliyezoea tamthilia anaweza kudhani kwamba wameitwa mchezo ukiwa haujaanza. Ukweli ni kwamba ulikwishaanza zamani. Aliyesema kifuu ni sufuria na wenzake wakakubali alikuwa ameshaigiza.

Kitenzi fanya na maana zake mbili

Ushahidi wa hoja hiyo umo ndani ya lugha ya watoto wenyewe. Fomula inayofungua michezo hii ni ya aina ya “tufanye hii ndiyo sufuria”, “tufanye wewe ndiye baba”. Kitenzi fanya kinabeba hapa maana mbili ambazo uhakiki umezitenganisha: kutenda au kutengeneza kwa upande mmoja, na kuchukulia kwamba jambo ni kweli kwa upande mwingine. Maana hiyo ya pili inarudi katika kujifanya. Kwa mtoto, kuifanya sufuria na kuifanya iwe sufuria ni kazi moja.

Mapatano ya “tufanye” yana nguvu ya kanuni. Kifuu kikishaitwa sufuria kinabaki sufuria mpaka mchezo uvunjwe. Kikiwa mafigani hakishikwi hovyo, kwa sababu ni cha moto. Anayekipiga teke na kusema “hiki ni kifuu tu” hakutoa taarifa mpya, maana kila mmoja anajua kwamba ni kifuu. Amevunja mapatano, na wenzake humkasirikia kwa sababu hiyo.

Kifaa huleta pia suala la mamlaka. Katika mpira wa mitaani unaoitwa chandimu inajulikana kwamba mwenye mpira hapangwi nje, hata kama miguu yake haina ufundi. Akinuna na kuondoka na mpira wake, mechi imekwisha. Katika kujipikilisha, aliyeleta kifuu kizuri au kanga ya kubebea mtoto huwa na sauti kubwa katika kuamua nani awe mama na nani awe mgeni. Nafasi za kiuigizaji, ambazo nadharia ya drama huzitafuta katika matini, hapa hutokana na vitu vilivyoletwa. Mtoto aliyekuja mikono mitupu anaweza kujikuta akiwa “mtoto” wa nyumba siku nzima, akiamrishwa na kulishwa mchanga.

Hadhira isiyokuwapo

Kigezo cha watazamaji ndicho kinachopata tabu zaidi mchezo huu unapopimwa kwa orodha ya Muhando na Balisidya. Kujipikilisha hakuna mtazamaji. Waliopo wote wamo ndani: baba, mama, watoto, mgeni, muuza mboga. Mtu mzima akisimama kutazama, mchezo hubadilika. Watoto hunyamaza, hucheka kwa aibu au huanza kumwigizia yeye, na hapo huwa kimezaliwa kitu kingine. Kigezo kikishikwa kwa ukali wake, mchezo huu si sanaa ya maonyesho. Kwa upande mwingine, katika uainishaji wa tanzu uliozoeleka, ambao msingi wake ni kazi ya Mulokozi, michezo ya watoto huwekwa katika maigizo. Mchezo umepewa chumba katika nyumba ambayo masharti ya kuingilia hauyatimizi.

Mvutano huu hutatuliwa kwa kawaida kwa kusema kwamba washiriki ni watendaji na hadhira kwa pamoja. Jibu hilo si baya, lakini linakwepa swali. Kazi ya hadhira katika maonyesho ya jukwaani ni kukubali: fimbo mkononi mwa mwigizaji ni bunduki kwa sababu ukumbi mzima umekubali iwe bunduki. Pasipo na ukumbi, kukubali huko kunakaa wapi, na kunadumuje watoto wanapoacha mchezo kwenda kula na kuurudia baadaye?

Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba kunakaa katika kifaa. Mafiga yaliyoachwa pembeni mwa ua yanasema nyumba iko hapo. Gunzi lililofunikwa kitambaa linasema mtoto amelala. Watoto wakirudi, hawahitaji kuanza upya. Wanasoma vitu na kuendelea. Kifaa ni shahidi wa mapatano, na pia ni daftari lake. Kazi ambayo nadharia imeipa hadhira peke yake inafanywa hapa, kwa sehemu kubwa, na kifuu.

Pengo hili la kinadharia lina matokeo katika ukusanyaji wa data. Mtafiti aliyefundwa kutafuta fanani, fani na hadhira huenda uwandani akiwa na kinasa sauti, na hurudi na kile ambacho kinasa sauti kinaweza kukibeba. Michezo yenye nyimbo, kama ukuti, huandikwa, hutafsiriwa na kuchambuliwa vina na mizani yake. Kujipikilisha hakuna wimbo maalumu wala maneno yaliyokaririwa, na mazungumzo yake hubuniwa papo hapo. Kwa sababu hiyo huishia kutajwa kwa jina tu, katika sentensi moja, kisha uchambuzi ukahamia kwenye nyimbo. Mchezo wenye wimbo huingia tasnifuni. Mchezo wenye kifuu hubaki uani.

Kisoda kimoja, kazi mbili

Inaweza kuulizwa kama hoja hii haivijumuishi vitu vingi mno. Watu wazima wa Kariakoo nao hutumia vifaa vya kujitengenezea katika michezo yao. Je, navyo ni vya kuigizia? Mfano wa drafti unasaidia kuweka mpaka. Ubao wa drafti wenye miraba 64 huchorwa kwenye kipande cha mbao au boksi gumu, na kete zake 24 huwa visoda: 12 vya mchezaji mmoja vimelala kifudifudi, 12 vya mwenzake vimelala chali. Kisoda kikifika mwisho wa ubao huwa kingi, na kwa kawaida hupandishiwa kisoda kingine juu yake ili cheo chake kionekane.

Kisoda hicho ni kifaa mbadala. Kimechukua nafasi ya kete ya dukani na kinafanya kazi ileile. Kete za plastiki zikiletwa, mchezo haupotezi chochote. Kisoda kilekile kikiangukia kwenye mkeka wa kujipikilisha kinakuwa sahani, na hapo hakichukui nafasi ya kifaa kingine cha mchezo. Kinaleta sahani katika ulimwengu ambao haukuwa nayo. Hiki kinaweza kuitwa kifaa bunifu. Tofauti kati ya viwili hivi haimo katika kisoda chenyewe. Imo katika mapatano yanayokizunguka.

Bao linasimama kati ya pande hizo mbili, na ndiyo maana linavutia kinadharia. Mashimo 32 yanaweza kuchongwa katika ubao au kuchimbwa ardhini, na kete 64 zinaweza kuwa komwe au vijiwe. Kwa upande huo vifaa ni mbadala. Hata hivyo, shimo moja la kila mchezaji huitwa nyumba, lina kanuni zake peke yake, na kuipoteza nyumba ni pigo linalosikitikiwa kwa maneno ya mwenye kupoteza makao. Jina limeingiza chembe ya masimulizi ndani ya hesabu. Mchezaji wa bao haigizi kuwa mwenye nyumba, lakini lugha ya mchezo imeshamsogeza karibu na hapo. Kati ya drafti, bao na kujipikilisha unaonekana mteremko mmoja, ambapo uzito wa jina huongezeka hatua kwa hatua mpaka jina likawa ndilo mchezo.

Pingamizi la maleba

Pingamizi jingine linaweza kutoka kwa wahakiki wa tamthilia: kwamba istilahi ipo tayari, nayo ni maleba, na kwamba maleba hujadiliwa kila siku katika uchambuzi wa fani. Ni kweli kwamba istilahi ipo. Tatizo ni mahali ilipowekwa. Katika uchambuzi uliozoeleka, maleba huja mwisho, baada ya muundo, wahusika, mtindo na lugha, kama nyongeza inayomsaidia mwigizaji kumfanana mhusika ambaye matini ilikwisha kumuumba. Katika kujipikilisha hakuna matini iliyotangulia. Mgeni anakuja kwa sababu kuna sahani moja ya ziada. Mtoto anaugua kwa sababu gunzi limevunjika. Kifaa kinatangulia kisa na kukizaa. Kukiita maleba bila kubadilisha mahali pa istilahi hiyo katika nadharia ni kulifunika pengo pasipo kuliziba.

Kielelezo cha kale: mwana hiti

Wazo kwamba kitu kinaweza kubeba nafasi ya kiuigizaji halikuletwa Dar es Salaam na michezo ya kisasa. Jiji limejengwa katika ardhi ya Wazaramo, na miongoni mwao ilikuwapo sanamu ndogo iitwayo mwana hiti, iliyochongwa kwa mti, isiyo na mikono, yenye maziwa na kichwa kilichosukwa kwa namna maalumu. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa sanamu hiyo akaitunza kama mtoto wake.

Ni lazima kuwa mwangalifu katika ulinganisho huu. Mwana hiti alikuwa kifaa cha unyago, kilichofungamana na uzazi, ukoo na mafunzo ya mwali; hakikuwa kitu cha kuchezea, na kukiita mwanasesere ni kukipunguzia hadhi. Gunzi lililovishwa kitambaa halina uzito huo. Hata hivyo, vyote viwili vinakubaliana katika jambo moja: anayekishika kifaa anakuwa mama kwa kukishika, na anaonekana kuwa mama kwa jinsi anavyokitunza. Nafasi haitangazwi kwa maneno, inabebwa mikononi. Uhakiki unaoanza na maneno ungemkuta mwali huyu amenyamaza, ukahitimisha kwamba hakuna kinachotendeka.

Mfano kutoka mbali: michezo ya kuigiza ya mezani

Ili kuepuka dhana kwamba vifaa vya kujitengenezea ni jambo la umaskini wa Kiafrika, inafaa kutazama mfano wa nje. Mwaka 1974, huko Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo ulioanzisha jamii nzima ya michezo ya kuigiza inayochezwa mezani. Wachezaji hukaa kuizunguka meza. Kila mmoja huchukua nafasi ya mhusika, na msimamizi husimulia ulimwengu na kuamua matokeo kwa dadu. Hakuna jukwaa na hakuna mtazamaji. Kwa vigezo vya orodha ya 1976, mchezo huo una tatizo lilelile la kujipikilisha.

Historia ya vifaa vyake inafundisha mambo mawili. Kwanza, kwa kuwa dadu zenye nyuso nyingi zilikuwa adimu, masanduku ya mchezo huo yaliyouzwa mwaka 1979 yalikuja bila dadu, yakiwa na vipande vya karatasi ngumu vyenye namba. Wachezaji walivikata, wakavitia katika vikombe na kuvichomoa bila kutazama. Nchi tajiri nayo iliwahi kucheza kwa kikombe na karatasi. Vipande hivyo, kwa istilahi za makala haya, vilikuwa vifaa mbadala: dadu zilipopatikana, viliwekwa kando.

Jambo la pili ni zito zaidi. Baadhi ya majitu mashuhuri ya mchezo huo, kama yule dubu mwenye kichwa cha bundi na yule mnyama anayekula chuma, yalitokana na wanyama wa plastiki wa bei rahisi waliotengenezwa Hong Kong na kuuzwa katika maduka ya vitu vya watoto. Wanyama hao hawakufanana na kiumbe chochote kinachojulikana. Gygax aliwaweka mezani, na mchezo ukawapa majina, tabia na kanuni. Hapa kitu cha dukani, kilichotoka kiwandani kwa maelfu, kiligeuka kifaa bunifu.

Mfano huu unaisahihisha hoja ambayo ingeweza kuteleza. Kungekuwa na kishawishi cha kusema kwamba kifuu ni bora kuliko seti ya jikoni ya plastiki inayouzwa Kariakoo, kwamba mkono wa mtoto ni mtakatifu na kiwanda ni adui. Wahenga walisema kipya kinyemi, na mtoto anayeitamani seti hiyo hakosei. Kumsifia kifuu mtoto ambaye hana hiari nyingine ni kumsifia dhiki yake. Kipimo sahihi ni mapatano, awe nani aliyekitengeneza kitu. Seti ya plastiki inakuja ikiwa imeshapewa majina: hii ni sufuria, hii ni sahani, na nafasi ya “tufanye” imepungua kwa kiasi hicho. Lakini imepungua tu, haikwisha. Mtoto akiigeuza sufuria ya plastiki kuwa kofia ya askari, amerudi kazini.

Mahali panapobadilika

Orodha ya Mulokozi ina kipengele cha mahali, nacho kinasaidia kueleza kwa nini suala hili si la kinadharia peke yake. Wakati wa utawala wa Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa katika kanda za ujenzi kwa misingi ya rangi. Kariakoo ilikuwa makazi ya Waafrika. Upande wa pili wa eneo la wazi la Mnazi Mmoja ulikuwa mji wa biashara wa Wahindi, ambamo Mchafukoge imo. Kanda hizo zilizaa nyumba za aina mbili. Kariakoo ilijengwa nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, korido katikati, vyumba pande zote mbili na uani nyuma. Mchafukoge ilijengwa duka chini na makazi juu, ngazi na varanda.

Kila aina ya nyumba ilikuwa na uwanja wake wa kuigizia. Uani kulikuwa na mchanga, maji, vifuu vilivyokwisha kukunwa na jiko la kweli la kuigwa, vyote hatua chache tu kutoka mkekani. Varandani mchanga haukuwapo, na mtoto wa ghorofani hana budi kuanza na maboksi, vitambaa na makopo. Jina la Mchafukoge, ambalo katika sikio la Mswahili husikika kama amri kwa mchafu akakoge, linakumbusha kwamba maandazi ya udongo siku zote yamekuwa na mpinzani mwenye ndoo ya maji na dodoki.

Tangu uchumi ulipofunguliwa, nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimekuwa zikibomolewa na ghorofa za biashara kuchukua nafasi zao. Uani unatoweka pamoja nazo, na chumba cha chini kinakuwa duka au stoo. Malighafi nazo zinabadilika. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa na sababu zake nzuri za kimazingira, lakini mifuko hiyo, maarufu kwa jina la rambo, ndiyo iliyokuwa ikisokotwa na kufungwa kamba kuwa mpira wa chandimu. Soda nazo zinauzwa kwa wingi katika chupa za plastiki zenye vifuniko vya kuzungusha, na kisoda cha bati si kitu cha kuokotwa popote kama zamani.

Isihitimishwe kwamba watoto wataacha kuigiza. Kifuniko cha plastiki nacho kinafaa kuwa sahani, na boksi lililokatwa vizuri tayari limekuwa simu. Kinachoweza kupotea ni ujuzi wa namna michezo hii ilivyofanyika katika kizazi fulani na mahali fulani, kwa sababu hakuna aliyeiandika wakati vitu vilipokuwa bado mkononi. Nyimbo za michezo zilizokusanywa zitabaki. Kujipikilisha kwa uani wa Kariakoo, ambako hakukuwa na wimbo, kutabaki na jina lake tu.

Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba orodha mbili zinazotumiwa sana katika kueleza utendaji, ile ya Muhando na Balisidya na ile ya Mulokozi, hazikutenga nafasi kwa kifaa, na kwamba michezo ya kuigiza ya watoto haielezeki vizuri bila kifaa hicho. Imebainishwa tofauti kati ya kifaa mbadala, ambacho hushika nafasi ya kingine bila kuubadili mchezo, na kifaa bunifu, ambacho hubeba mapatano ya “tufanye” na hivyo kuuzaa mchezo. Imeoneshwa pia kwamba tofauti hiyo haitegemei kama kitu kimetengenezwa kwa mkono au kimenunuliwa.

Pendekezo linalofuata ni jepesi kutekelezwa. Orodha ya mambo sita iongezwe la saba, yaani kifaa, na mtafiti wa michezo ya watoto aulize maswali manne kwa kila kitu anachokikuta mkekani. Kabla ya mchezo kilikuwa nini? Nani alikipa jina lake jipya, na nani alikubali au kukataa? Baada ya kupewa jina, kinaruhusiwa kufanya nini na kinakatazwa nini? Mchezo ukivunjwa, kinakwenda wapi: kinatupwa, kinafichwa kwa ajili ya kesho, au kinarudishwa jikoni kabla mwenyewe hajakiulizia?

Swali la mwisho linagusa pia taasisi za kuhifadhi. Makumbusho inaweza kukiweka kifuu ndani ya kabati la kioo, na fasihi inaweza kuyaandika maneno ya watoto kitabuni. Kifuu bila mapatano yake kitarudi kuwa ganda la nazi, na maneno bila kifuu chake yatasomeka kama porojo za watoto. Viwili hivyo vinapaswa kukusanywa siku moja, uani palepale, na mtu yuleyule.